Kiti Kilichosogezwa

Saa mbili na robo asubuhi lango la yadi ya polisi lilikuwa bado limefungwa kwa mnyororo, na watu watatu walikuwa wamesimama nje yake. Wa kwanza alikuwa mama wa makamo aliyeshika mwavuli usiojikunja vizuri. Wa pili alikuwa mkwewe, mshonaji, mwenye utepe wa kupimia ambao alikuwa amesahau kuuvua shingoni. Wa tatu alikuwa mtoto wa mwisho wa yule mama, dereva, mtu mfupi mwenye mabega mapana ambaye mtaa mzima ulimwita Kipande. Kaka yake, mume wa mshonaji, aliitwa Mlingoti. Majina hayo mawili yalitolewa siku moja na mtu mmoja, na hakuna aliyeyapinga kwa sababu yote mawili yalikuwa ya kweli.

Mlingoti alikuwa hajaonekana kwa miaka miwili. Gari lake lilikuwa ndani ya yadi.

Mlinzi alikuja akitafuna, akafungua mnyororo.

"Mjane wa gari la kijani ni nani?" aliuliza.

"Hapa hakuna mjane," mama mkwe alisema. "Kuna mama na kuna mke."

"Mimi nimeambiwa kuna mtu wa gari la kijani."

"Gari lipo, watu wake ndio sisi. Mjane ndiye hayupo."

Mlinzi aliwatazama kama mtu anayepima iwapo ubishi huo una faida, akaona hauna. "Haya, piteni. Msiguse kitu."

Lilikuwa gari dogo la teksi. Tairi zote nne zilikuwa zimelala. Mvua na jua vilikuwa vimepokezana juu yake mpaka rangi ya kijani ikawa kama ya sabuni ya kufulia. Betri ilikuwa imeibwa, na taa moja ya nyuma pia, na vyote viwili viliibwa humo humo ndani ya yadi ya polisi. Mama mkwe, aliyekuwa amechoka kusimama, aliegemeza mkono kwenye boneti.

"Mama! Hicho ni kidhibiti cha kesi!" mlinzi alipiga kelele kutoka langoni.

Aliuondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Alama ya vidole vitano ilibaki kwenye vumbi. Alijifuta mkono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe lilivyohitaji.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye ovaroli ya bluu iliyokoza, na sanduku lake la vifaa alilibeba mwenyewe. Aliwasalimia, mama mkwe kwa shikamoo, kisha akaeleza bila kuzunguka. Alikuwa amepewa kesi za zamani zilizokwama. Askari aliyelikagua gari mara ya kwanza alikuwa amestaafu. Yeye angelikagua tena, nje leo, ndani kesho. Likipatikana jambo jipya, upelelezi ungeendelea. Lisipopatikana, faili lingefungwa na gari lingepigwa mnada.

"Sitaki kuwadanganya," alisema.

"Usitudanganye, binti yangu," mama mkwe alijibu. "Lakini na wewe usianze upya kama vile hakuna kilichoonekana. Yule afande wa kwanza aliona. Kiti cha dereva kilikutwa kimesogezwa mbele. Mwanangu mimi akikaa pale, magoti yanafika kwenye redio. Afande aliniambia kwa kinywa chake: mama, aliyeendesha mwisho si mwanao."

Alikuwa ameyasema maneno hayo bombani, kwenye foleni ya zahanati, kwa kila jamaa aliyekuja kutoa pole na kila jirani aliyekuja kuchungulia. Yalikuwa yamesuguliwa mpaka yakalainika. Mtaani walisema Mlingoti kapata mwingine. Mama yake alikuwa na kiti. Kiti kilisema mtoto wake alichukuliwa, na kwa kiti hicho aliweza kutoka nje asubuhi na kufagia uwanja kichwa kikiwa juu.

Mkaguzi alifungua mlango wa mbele, akapima kwa futi kutoka ukingo wa kiti mpaka kwenye pedeli ya klachi.

"Nani mwingine alikuwa akiliendesha?"

"Mimi," Kipande alisema. "Mchana mimi, usiku kaka."

"Na kiti chako kilikaa wapi?"

"Mbele, afande. Si unaniona? Siku ya kugawiwa miguu mimi nilifika kitambaa kimeisha."

Mama mkwe alicheka. Mkaguzi alitabasamu kidogo, akaendelea kuandika.

"Jioni ile ulipomkabidhi, alikirudisha nyuma?"

"Alikirudisha," alijibu mshonaji. "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikirudisha kabla ya kuwasha gari, akaniambia anakuja."

"Na wewe hukuliendesha tena."

"Hapana," Kipande alisema.

Mkaguzi alichuchumaa. Kiti kilikuwa kimevalishwa kitambaa kizito cha kahawia, kimeshonewa mbele na pembeni mpaka chini kabisa. "Nani alishona hiki?"

"Mimi," alisema mshonaji. "Reli zilikuwa na kutu, abiria wakawa wanachafuka."

"Kazi nzuri. Imeficha kila kitu." Aliinuka akishika kiuno. "Kesho nitakitoa kiti chote. Picha za mwanzo zinaonyesha kiti kiko mbele. Hazionyeshi kilikuwa kimeshikwa na nini."

Kipande alikohoa. "Afande, gari lenyewe limeoza. Si mngelitupa tu yakaisha?"

"Utupe gari la kaka yako?" mama yake alimgeukia.

"Nimesema tu, mama."

"Basi usiseme."

*

Jioni mshonaji alikwenda kuchota maji. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa amefika kabla yake, na ndoo yake ilikuwa imeshajaa, lakini hakuiondoa bombani.

"Nasikia wanalifungua tena lile gari."

"Wanalikagua."

"Walikague vizuri. Huenda mwenyewe kalala kiti cha nyuma."

Wanawake wawili waliokuwa nyuma walicheka kwa kuziba midomo. Mshonaji aliinua ndoo ya jirani, akaiweka pembeni kwa utaratibu bila kumwaga hata tone, akasukuma yake mahali pake.

"Na wako anayelala nyumbani kila siku," alisema, "amewahi kukuletea maji?"

Sasa walicheka bila kuziba. Lakini alipofika nyumbani aliitua ndoo, akaegemea ukuta wa jiko, akafumba macho. Siku hizi kujibu kulimchosha kuliko kubeba maji.

Sebule ya nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa kiwanda chake. Kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na stuli moja yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa karatasi iliyokunjwa. Alikuwa anapinda sketi ya shule Kipande alipoingia na kukaa kwenye stuli. Ikayumba. Redio ya mama mkwe ilisikika kutoka chumbani.

"Shemeji, kesho tusiende," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?"

"Atatoa kiti."

"Ndiyo kazi yake. Atoe."

"Kabari iko chini."

Mguu wa mshonaji ulisimama juu ya kanyagio.

Komeo la kiti kile lilikuwa limekatika zamani. Mlingoti hakusumbuka, kwa sababu alikaa nyuma kabisa, reli inapoishia, na hapo kiti hakikuwa na pa kwenda. Kipande ndiye aliyepata taabu. Kila alipokanyaga klachi, kiti kilirudi nyuma na miguu ikabaki hewani. Akachonga kabari ya mti, akawa anaipitisha kwa nyuma, kwa kupapasa, mpaka inakaza ndani ya reli. Kila jioni kaka mtu aliichomoa na kuitupa kwenye mfuko wa mlango. Kila asubuhi mdogo mtu aliitoa mfukoni na kuirudisha. Hapakuwa na kutaniana wala kukumbushana tena. Ilikuwa sehemu ya kuingia garini, kama kufunga mlango.

"Jioni ile aliichomoa," alisema mshonaji. "Nilimwona."

"Najua."

"Nani aliirudisha?"

Kipande alijifuta usoni kwa kiganja. "Mimi."

Kutoka chumbani redio ilitangaza bei za mazao. Mshonaji alisubiri.

"Asubuhi hakuleta gari. Nikatoka kumtafuta. Nikalikuta nyuma ya stendi ya mabasi ya masafa marefu, pale kwenye ukuta. Limefungwa milango yote. Vioo vimepandishwa. Ufunguo uko juu ya tairi."

"Tairi letu?"

"La nyuma, la kulia."

Hapo ndipo ndugu hao wawili walipoachiana ufunguo, mmoja alipowahi kumaliza kazi na mwingine hajaamka. Mwizi huondoka na ufunguo, au huutupa. Haupandishi juu ya tairi la nyuma la kulia.

"Kwa hiyo aliliacha mwenyewe," alisema mshonaji.

"Aliniachia mimi."

"Na hukutuambia."

"Shemeji, nilisimama pale, nikafikiri. Gari likikutwa stendi, watu watasema kapanda basi, kaikimbia nyumba. Mama angeuficha wapi uso wake? Na wewe? Nikasema, nilisogeze tu. Atarudi baada ya siku chache, tutalicheka jambo lenyewe. Nikalipeleka barabara ya machimbo, nikaacha mlango wazi. Kila kitu nilikifikiria. Kabari sikuifikiria. Mkono uliitia wenyewe, na kushuka nikashuka kama ninavyoshuka kila siku."

Mshonaji aliitoa sketi kwenye cherehani, akaikunja ingawa upindo ulikuwa umefika nusu.

"Mama yako alitembea machimboni na fimbo," alisema. "Unakumbuka? Akichokoa kila dimbwi. Viatu vikamwishia miguuni, ukamnunulia vingine wewe mwenyewe ili aendelee kuchokoa."

"Nakumbuka."

"Na wakati huo mkata tiketi alikuwa bado anamkumbuka. Mtu mrefu vile, anayeinama kuingia kila mlango, nani angemsahau ndani ya wiki moja? Tungeuliza tungejua amepanda basi la wapi. Sasa nani wa kuulizwa?"

"Nilikuwa nawalinda."

"Na nini? Na maneno ya bombani? Si wanayasema vilevile?"

Stuli iliyumba chini ya Kipande. Mshonaji aliikazia macho karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mfupi.

"Miaka miwili nasikia habari ya kiti," alisema taratibu. "Nami najua komeo limekatika. Sikuwahi kujiuliza kimesimamaje pale mbele. Nilitaka kisimame."

"Utamwambia yule afande?"

"Utamwambia wewe."

"Na mama?"

"Mama ni wako."

Redio ilizimwa. "Nyinyi mnanong'ona nini huko?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

"Tunapanga safari ya kesho, mama," alisema mshonaji.

"Basi pangeni mapema mkalale. Na Kipande asichelewe, yule binti anafika na saa yake."

*

Kipande hakuchelewa. Alifika yadi kabla ya wote, akasimama karibu na lango, na mkaguzi alipoyasogeza magari mawili yaliyokuwa kando kwa msaada wa mlinzi, yeye hakuja kusaidia. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Mkaguzi alitandaza turubai chini, akapanga spana zake juu yake, kisha akachukua kisu. "Nati ziko chini ya kitambaa. Samahani, itabidi nikikate."

"Usikate," alisema mshonaji. "Nitakifumua."

"Itachukua muda."

"Nimekuja na wembe."

Mkaguzi alimpa glavu, akamsogelea na taa. Mshonaji alipiga magoti kwenye kizingiti cha mlango na kuanza. Alikuwa ameshona kwa uzi wa mara mbili, kazi ya kudumu, na kila mshono ulikuwa karibu na mwenzake. Alifumua upande wa mbele wote. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, mwavuli wake umekunjika nusu, akisimulia habari ya magoti na redio kwa mlinzi, ambaye jana hakuisikia.

"Shemeji," alisema mshonaji bila kugeuka.

"Naam," Kipande alijibu kutoka langoni.

"Nimemaliza mbele. Naingia pembeni."

"Naona."

Alifumua upande wa kulia. Fundi yeyote angeona kwamba alikuwa akifanya kazi polepole kuliko alivyoweza. Uzi ulikuwa umekauka, ungeweza kuvutwa mara moja ukatoka wote. Yeye aliukata mshono kwa mshono.

"Shemeji."

"Naam."

"Umebaki upande mmoja."

Mlinzi alimtazama Kipande, kisha akamtazama mshonaji, kisha akaangalia saa yake.

Kitambaa kilipotoka, mkaguzi alipuliza mafuta kwenye nati na kwenye reli, akasubiri, akafungua. Akainua kichwa. "Wewe dereva, njoo ushike upande huo." Kipande alikuja. Yeye na mlinzi walikitoa kiti pamoja na reli zake, wakakiweka juu ya turubai kikiwa kimesimama wima, kinatazama lango. Mkaguzi alilala kifudifudi nyuma yake na taa yake. Kisha akaomba koleo.

Alichokitoa kilikuwa kipande cha mti chenye urefu wa kiganja, chembamba upande mmoja, kimezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli. Upande mnene ulikuwa mweusi na laini kwa kushikwa na vidole.

"Kuna anayekijua hiki?"

Mshonaji alikuwa anakunja kitambaa. Kipande alikuwa anaangalia turubai.

"Hebu nione," alisema mama mkwe, akasogea, akainamisha shingo. "Hee! Si kabari ya Kipande hii? Afande, mtoto huyu aliukata mguu wa stuli yangu kuchonga hiki kidude. Mpaka leo stuli inayumba kama mlevi. Nilimkimbiza na mwiko, mtu mzima na ndevu zake!" Alicheka, akamgeukia mlinzi ili naye acheke.

"Ni ya kazi gani, mama?" mkaguzi aliuliza.

"Ya kukizuia kiti. Bila hiyo anarudi nyuma kama mtoto kwenye bembea. Kaka yake wala haitaki. Akiingia tu anaichomoa, anaitupa huko..."

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa kuelekea mfuko wa mlango.

"Akiingia tu anaichomoa," alisema tena, lakini sasa hakuwa akimwambia mtu.

Mkaguzi aliitia kabari kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga. Hakuwa na haraka. "Jana umeniambia ulimwona akikirudisha kiti," alimwambia mshonaji. "Na kabari uliiona?"

Mshonaji alimtazama shemeji yake. Alimpa muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi na kuishusha.

"Aliichomoa. Aliiweka kwenye mfuko wa mlango."

"Basi aliyeirudisha alijua inakaa wapi na inapitishwa wapi."

"Ni mimi," alisema Kipande. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu aliyeitwa jina darasani.

Mkaguzi alifungua kinywa kuuliza. Mama mkwe alimtangulia. Hakuwa anamtazama mkaguzi.

"Ulilikuta wapi?"

"Stendi, mama. Ya mabasi ya masafa."

"Liko wazi?"

"Limefungwa."

"Na ufunguo?"

Kipande alijifuta uso kwa mkono wa shati lililopigwa pasi.

"Nakuuliza, baba. Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Juu ya tairi."

"Tairi lipi?"

"La nyuma, mama. La kulia."

Mama mkwe aliukunja mwavuli. Ulikataa, akaulazimisha mpaka ukakubali. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali, na palikuwa na mahali pamoja tu. Aligeuka, akakaa kwenye kiti cha dereva.

Mlinzi alianza kusema kitu. Mkaguzi aliinua mkono kumzuia.

Kiti hakikuwa na kabari, na reli zilikuwa na mafuta. Kwa uzito wa yule mama kilirudi nyuma polepole, kikikwaruza, mpaka mwisho wa reli. Hapo kikasimama.